Mzee Asiyetii Amri: Askari Afanyeje?

Mnamo tarehe 17 Mei, 2023, kabla ya mapambazuko, askari polisi wawili waliitwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika mji mdogo wa Cooma, jimbo la New South Wales, nchini Australia. Aliyesababisha waitwe alikuwa ajuza wa miaka 95, mwenye uzito usiofika kilo 48, ambaye hakuweza kutembea ila kwa kuegemea kiunzi cha magurudumu. Mkononi alikuwa na kisu cha mezani cha kukatia nyama. Watumishi wa zamu ya usiku walimwomba akiweke chini, hakukiweka. Wahudumu wa gari la wagonjwa walimsihi, hawakufanikiwa. Askari mmoja akamwelekezea bunduki ya umeme, akamwamuru na kumwonya. Bibi akazidi kusogea mbele polepole pamoja na kiunzi chake. Hazikutimia hata dakika tatu tangu wamkute katika chumba kile, bunduki ikafyatuliwa. Bibi akaanguka, kichwa chake kikapiga sakafu, damu ikavujia ndani ya ubongo, na wiki moja baadaye, tarehe 24 Mei, akafariki dunia.

Kesi ilisikilizwa katika Mahakama Kuu ya jimbo hilo mjini Sydney. Tarehe 27 Novemba, 2024, jopo la raia waliokaa na jaji walimwona askari huyo ana hatia ya kuua bila ya kukusudia. Baada ya hapo alifukuzwa kazi. Mwezi Machi, 2025, jaji alimpa adhabu ya kutumikia jamii kwa muda wa miaka miwili, pasipo kifungo. Upande wa mashtaka ulikata rufaa ukidai kwamba adhabu hiyo ni nyepesi mno, na mwezi Julai mwaka huo huo rufaa hiyo ikatupwa.

Wapo waliosema haki haikutendeka, na wapo waliosema kijana wa watu ameangamizwa kwa uamuzi wa nukta moja. Kila upande una hoja zake. Lakini kwa askari anayesoma habari hii akiwa lindoni au kituoni, lipo swali la maana zaidi kuliko uzito wa adhabu, nalo ni hili: yule bibi alikuwa akifanya nini? Sheria inaweza kusema alikuwa amejihami kwa silaha na alikaidi amri halali. Hayo ni maelezo ya mambo yanavyoonekana kwa nje. Hayaelezi chochote juu ya mtu mwenyewe.

Bibi huyo alikuwa na dalili za maradhi ambayo madaktari huyaita dimenshia, na ambayo wananchi wengi huyajua kwa jina la ugonjwa wa kusahau. Kwa hakika jina hilo la Kiswahili halitoshi, maana linamfanya msikilizaji adhani kwamba tatizo ni kusahau majina na mahali zilipowekwa funguo. Maradhi haya, ambayo aina yake iliyoenea zaidi ni ile ya Alzheimer, huharibu ubongo wenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka. Huondoa uwezo wa kupanga mambo, wa kutambua nyuso, wa kujua saa na mahali, wa kufahamu maneno yanayosemwa kwa haraka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hiyo, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa wakiishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walikwenda kijiji kwa kijiji katika miaka ya 2009 na 2010, wakaona kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba wana ugonjwa.

Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walifundisha kwamba ubongo ukishaharibika, matendo ya mgonjwa hayana maana. Akipiga kelele, ni ugonjwa. Akitangatanga, ni ugonjwa. Akimpiga muuguzi, ni ugonjwa. Dawa yake ilikuwa ni kumfunga kitini au kumlewesha kwa vidonge. Mtu aliyeipinga rai hiyo kwa nguvu zaidi kuliko wengine alikuwa Mwingereza Tom Kitwood, wa Chuo Kikuu cha Bradford, aliyefariki mwaka 1998. Huenda ikawashangaza wasomaji wetu kusikia kwamba kabla ya kujishughulisha na wazee, bwana huyo aliwahi kuwa mwalimu na kasisi katika Busoga College, nchini Uganda. Mwaka 1997 alitoa kitabu chake kiitwacho Dementia Reconsidered, na kitabu hicho kikageuza mawazo ya wengi.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza. Alisema kwamba hali ya mgonjwa, kama tunavyoiona, haitokani na ubongo peke yake. Hutokana na mambo matano yanayochanganyika: tabia aliyokuwa nayo mtu tangu zamani, historia ya maisha yake, afya ya mwili wake kwa siku ile, uharibifu wa ubongo, na jinsi watu wanaomzunguka wanavyomtendea. Katika hayo matano, moja tu ndilo lisilobadilishika. Mengine, ama yanaweza kujulikana, ama yanaweza kurekebishwa. Na lile la mwisho, yaani namna tunavyomtendea, limo mikononi mwetu kabisa.

Tuchukue mambo hayo tuyapeleke katika kazi ya askari, kwa mfano wa kubuni. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, anakaa kwa mwanawe mjini. Kila siku saa nane za usiku anaamka, anavaa viatu, anachukua fimbo na kusimama mlangoni. Akija mtu anamzuia kwa ukali, na mkwewe akijaribu kumrudisha kitandani anainua fimbo. Jirani anaita polisi: kuna mzee mwenda wazimu anataka kuua watu. Askari asiyejua lolote atakuta ukaidi, fimbo na vitisho. Askari anayeuliza swali moja tu, kwamba mzee huyu alikuwa akifanya kazi gani, atapata jibu lililo wazi. Mzee yuko lindo. Amri ya kwenda kulala, kwake yeye, ni amri ya kuacha lindo, na hakuna askari mzuri anayeacha lindo kwa kuambiwa na mtu asiyemjua. Lakini mtu akimjia kwa adabu, akamwambia kwamba zamu yake imekwisha na mwenziwe amekuja kumpokea, yumkini atakabidhi fimbo na kwenda kupumzika. Ugonjwa haujatibiwa hapo. Lakini hakuna aliyeumia.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kumdanganya mtu mzima. Hata wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo, na kuna wanaoona ni afadhali kuuitikia moyo wa mgonjwa, hofu yake au hamu yake ya kuwa na kazi, pasipo kuthibitisha jambo lisilo kweli. Mimi naona kwamba katika saa nane za usiku, pakiwa na fimbo iliyoinuliwa, ubishi huo unaweza kungoja asubuhi.

Jambo la afya ya mwili nalo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalosahauliwa upesi. Mzee aliyekuwa mpole jana na leo amekuwa mkali ghafla, mara nyingi ana kitu kinachomsumbua mwilini: mkojo wenye maambukizo, kichomi, choo kilichofunga siku nyingi, jino, kiu, maumivu ya nyonga. Hawezi kueleza. Anachoweza ni kumsukuma anayemgusa mahali panapouma. Malaria pia huvuruga akili, hata ya kijana. Askari atakayempeleka mzee wa namna hiyo rumande badala ya hospitali huenda asubuhi akakuta maiti.

Kisha kuna sare. Askari huivaa kwa fahari, naye ana haki ya kufanya hivyo. Lakini mgonjwa wa dimenshia mara nyingi haishi katika mwaka huu tulio nao. Mambo ya karibuni yamefutika, ya zamani yamebaki. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu, wazee wengi wamepitia vita, misako ya usiku na ukimbizi. Bibi wa miaka 80 anayeona viatu vya kijeshi mlangoni pake usiku, na tochi inamwangaza usoni, anaweza kuwa yuko mwaka 1979, au 1972, au 1994. Akichukua panga au mchi, hapigani na konstebo aliyekuja kumsaidia. Anapigana na mtu mwingine kabisa, ambaye pengine alikwisha kufa zamani. Kumpigia kelele ni kumthibitishia kwamba hofu yake ni ya haki.

Lisidhaniwe kwamba mafundisho haya ni huruma tupu isiyo na ushahidi. Mwaka 2009 zilichapishwa habari za utafiti uliofanywa katika nyumba 15 za wazee mjini Sydney, ambamo watumishi wa baadhi ya nyumba hizo walifundishwa kumtazama kila mgonjwa kwa historia na mahitaji yake. Ghasia za wagonjwa zikapungua kuliko katika nyumba zilizoendelea na desturi za zamani. Msomaji atakumbuka kwamba Sydney ndio mji mkuu wa jimbo lile lile la Cooma. Elimu ilikuwapo humo humo miaka kumi na minne kabla ya msiba. Mwaka huo huo wa 2009, nchini Uingereza, ripoti iliyotolewa kwa serikali na Profesa Sube Banerjee ilionyesha upande wa pili: watu wapatao 180,000 wenye dimenshia walikuwa wakipewa kwa mwaka dawa za kutuliza wendawazimu, na dawa hizo zilikadiriwa kusababisha vifo 1,800 zaidi kila mwaka. Nguvu, basi, si ya bunduki peke yake. Hata kidonge ni nguvu.

Pamoja na hayo, haifai kuwatukuza wataalamu kupita kiasi. Kitwood mwenyewe alilaumiwa na wenzake kwamba aliupunguza mno uzito wa uharibifu wa ubongo, na kwamba maneno yake yaliweza kuwafanya ndugu wa wagonjwa wajione wao ndio waliowazidishia ugonjwa. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kuna wagonjwa ambao hata watendewe wema gani watapiga kelele usiku kucha. Tena utaratibu huu unadai watu na wakati. Mtumishi mmoja wa usiku mwenye wagonjwa wengi hawezi kukaa na kila mmoja akamsikiliza, na ndiyo sababu simu hupigwa polisi. Kumlaumu askari wa mwisho katika mnyororo, na kuwaacha waliopanga zamu yenye watu wachache, ni uchambuzi wa nusu.

Na kisu ni kisu. Hatuwaambii askari wayadharau maisha yao. Lakini katika chumba kile cha Cooma kulikuwa na mlango, na bibi alikuwa akitembea kwa hatua za mtoto anayejifunza. Mtu anaweza kurudi nyuma, akafunga mlango, akaita mtu mmoja anayejulikana kwa mgonjwa, akapunguza taa zinazochoma macho, akanyamazisha redio ya mfukoni, akamwacha mmoja tu aongee. Katika vita, kamanda huchagua uwanja na saa. Hapa saa ilikuwa upande wa askari kabisa, maana mtu wa miaka 95 huchoka. Na hiyo saa ndiyo iliyotupwa.

Mkasa wa Cooma una ndugu zake. Tarehe 26 Juni, 2020, katika mji wa Loveland, jimbo la Colorado nchini Marekani, mama wa miaka 73 mwenye dimenshia alitoka dukani na vitu vya thamani ya dola 14 hivi pasipo kulipa. Askari walimkuta njiani akirejea kwake kwa miguu, akichuma maua ya porini. Walimwangusha, wakamfunga pingu, wakamvunja mkono na kumtegua bega. Baadaye kituoni walionekana katika picha wakitazama mkanda wa ukamataji huo na kucheka. Mji ukalipa fidia ya dola milioni 3 mwaka 2021, na aliyemkamata akahukumiwa kifungo cha miaka 5 mwaka 2022. Mgonjwa yule alikuwa na shida ya kufahamu maneno. Kila amri aliyopewa ilikuwa kwake kama lugha ya kigeni.

Huku kwetu tunapenda kusema kwamba Mwafrika humheshimu mzee, na kwamba nyumba za wazee ni aibu ya Ulaya. Maneno hayo ni mazuri, na kwa sehemu ni ya kweli: mgonjwa anayekaa kati ya wajukuu, anayepewa kunde za kupukuchua na kuitwa kwa jina lake la utani, ana mengi ambayo mgonjwa wa ghorofani London hana. Lakini tusijidanganye. Mwezi Oktoba, 2021, katika Kisii nchini Kenya, bibi wanne waliuawa na kundi la watu kwa kushukiwa uchawi. Usukumani nchini Tanzania mauaji ya vikongwe yamekuwa msiba wa miaka mingi. Nchini Namibia, mwaka 2012, mama mmoja wa Kihimba alifunguliwa minyororo aliyofungwa kwa miaka ipatayo 20. Alikuwa na dimenshia, nao watu walidhani amerogwa.

Si kila anayeshtakiwa uchawi ni mgonjwa wa maradhi haya, wala hatusemi kwamba wale wa Kisii walikuwa wagonjwa. Lakini tazama mashtaka yenyewe jinsi yalivyo: ameonekana usiku akizunguka nyumba ya watu, anaongea peke yake, amekutwa uchi njiani, amemtaja mtoto aliye hai kwa jina la marehemu. Kila neno katika hayo ni dalili ya maradhi, inayopatikana katika vitabu vya waganga. Polisi anayefika mahali pale, umati ukiwa na petroli na matairi, hana nafasi ya kutoa mhadhara. Ana nafasi ya kumweka mzee garini na kumwondoa. Lakini polisi yule yule, akiwa amefika wiki mbili mapema, wakati mzee alipoletwa kituoni kwa mara ya kwanza kwa sababu amepotea, alikuwa na nafasi ya kuiambia familia na mwenyekiti wa kijiji kwamba huu ni ugonjwa, una jina, na mzee apelekwe zahanati. Neno la askari lina uzito ambao la muuguzi wakati mwingine halina.

Kwa wanajeshi, jambo hili hutokea katika kambi za wakimbizi, kwenye vizuizi vya barabarani na nyakati za amri ya kutotoka nje. Mzee akikaribia kizuizi gizani, anaambiwa simama, hasimami. Anaulizwa neno la siri, anatabasamu. Sheria za kufyatua risasi ziliandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye akili timamu anayesikia amri na kuchagua kuivunja. Yafaa wakufunzi katika vyuo vyetu waongeze mtu wa tatu kati ya raia mtiifu na adui: raia ambaye hawezi kutii. Viziwi nao wamo katika kundi hilo, na walevi, na wenye kifafa, kwa hiyo saa zitakazotumika darasani hazitapotea.

Upo mpango mmoja ambao hauhitaji fedha nyingi, nao ulianzia kwa polisi wa Norfolk, Uingereza. Huitwa Herbert Protocol, kwa jina la George Herbert, mwanajeshi mstaafu aliyeshiriki katika kutua Normandy wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambaye uzeeni alipatwa na dimenshia na kufa akiwa njiani kuitafuta nyumba ya utotoni mwake. Familia yenye mgonjwa hujaza karatasi kabla hajapotea: sura yake na picha, nyumba alizopata kukaa, mahali alipofanya kazi, njia aliyozoea kwenda sokoni au kanisani, jina analopenda kuitwa, vitu vinavyomtia hofu. Akipotea, karatasi hupewa polisi nao huanza kutafuta pale ambapo moyo wake ungempeleka. Nchini Japani, ambako mwaka 2023 polisi walipokea taarifa za watu zaidi ya 19,000 wenye dimenshia waliopotea, mamilioni ya raia wa kawaida, pamoja na watumishi wa mabenki na maduka, wamepewa mafunzo mafupi tangu mwaka 2005 ya kumtambua mtu wa namna hiyo na kumsemesha taratibu.

Kituo cha polisi cha tarafa hakina kompyuta kwa kazi hiyo, wala hakiihitaji. Kinahitaji daftari moja, kando ya kitabu cha taarifa za kila siku, na koplo mmoja wa kuzungumza na wenyeviti wa vijiji: nani katika eneo lenu amezeeka akaanza kupotea njia, kijiji chake cha zamani ni kipi, kabla ya vita alikaa wapi, mwanawe anapatikana wapi, na akishtuka usiku huwa anamwita nani.